Je, Wajua? Kibaba, Debe na Lita

Je, wajua kwamba kibaba, kisaga na pishi ni ngazi moja? Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Huko Unguja ya zamani, pishi ya nafaka ilikaribia ratili 6, yaani kilo 2.7 hivi. Pishi 6 zikakaribia frasila, ambayo ni ratili 35 au takriban kilo 16.

Je, wajua kwamba kabla ya kupima, muuzaji na mnunuzi walipaswa kukubaliana namna ya kujaza? Kibaba cha mfuto hufutwa juu kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele huachiwa kilima. Tofauti yake si ndogo hata kidogo. Chukua kopo la lita 4 lenye mdomo wa sentimita 17: kilima chenye kimo cha sentimita 4 juu yake ni takriban mililita 300. Ukiuza makopo 13 ya tele umetoa karibu kopo zima la nyongeza. Tena, mdomo wa chombo ukiwa mpana zaidi, kilima nacho hukua, kwa hiyo vyombo viwili vya lita sawa havitoi kiasi sawa vikijazwa tele.

Je, wajua kwamba sado la sokoni Tanzania lilianza maisha yake kama kopo la rangi? Ni kopo la lita 4, na jina lake limetokana na rangi za Sadolin. Leo hupima maharage, nyanya na viazi.

Gorogoro la Kenya nalo lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ya kilo 2. Kilo 2 hizo ni za mafuta yaliyokuwamo mwanzo! Lijaze unga usioshindiliwa, ulifute juu, kisha uupeleke kwenye mizani: utapata kilo moja na kitu tu.

Je, wajua kwamba debe si lita 20 kila mara? Debe la asili la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4 za Uingereza, ambazo ni lita 18.18. Galoni 5 za Marekani, kipimo kingine cha mabati ya mafuta ya taa, ni lita 18.93. Ndoo ya plastiki inayoitwa debe siku hizi ni ya lita 20 kamili. Sasa fikiria gunia la mahindi la "debe 6". Kwa debe la zamani ni lita 109, kwa ndoo ya leo ni lita 120. Lita 11 za mahindi makavu ni karibu kilo 8, na hapo kilima hakijahesabiwa. Mkulima anayeambiwa bei kwa debe ana haki kamili ya kuuliza ni debe lipi, na asionekane mkorofi kwa kuuliza.

Galoni zenyewe ni mbili. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Pipa la lita 200 ni galoni 44 za Uingereza, lakini ni karibu 53 za Marekani.

Je, wajua kwa nini gunia la mahindi Kenya ni kilo 90, namba isiyo ya mviringo? Lilitoka kwenye gunia la ratili 200, ambazo ni kilo 90.7.

Na lumbesa? Ni gunia lililoongezewa kichwa kwa kushonewa juu, kibaba cha tele kilichokua kikawa mzigo wa kuvunja mgongo. Tanzania inaikataza kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Kenya, kwa kanuni za viazi za 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa kila mfuko. Hatua zote mbili ni za haki: anayelipwa kwa gunia hulipwa bei ileile, liwe na kichwa au lisiwe nacho.

Je, wajua kwamba lita moja haina kilo moja ila ikiwa ya maji? Lita ya mafuta ya kula ni gramu 920 hivi. Lita ya mahindi makavu ni gramu 720 hadi 750. Lita ya asali ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo dumu la asali la lita 20 lina takriban kilo 28. Anayenunua kwa dumu na kuuza kwa kilo anaijua hesabu hii vizuri, na anayemuuzia naye aijue.

Kukosea kugeuza lita kuwa kilo kuliwahi kuishusha ndege. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Lita zilizidishwa kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika, injini zikazimika angani. Marubani waliiteremsha bila injini huko Gimli, na watu wote 69 wakanusurika.

Je, wajua kwamba pishi bado inafanya kazi kila Ramadhani? Zaka ya fitri ni pishi moja, ambayo ni vibaba vinne, na kibaba hicho ni ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 8 Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikwenda Madina akiamini pishi ni ratili 8 za Iraki. Wenyeji wakamletea vyombo walivyorithi kwa baba zao. Akavipima, akapata ratili 5 na theluthi, akaiacha kauli yake ya awali.

Hata lita imewahi kurekebishwa. Kuanzia 1901 ilikuwa ujazo wa kilo moja ya maji. Mwaka 1964 ikarudishwa kuwa desimita moja ya ujazo. Tofauti haikufika hata tone moja.

Je, wajua namna ya kupima sado bila mizani? Mimina ndani yake maji ya chupa nne za lita moja, zilizofungwa kiwandani. Likifurika kabla chupa ya nne haijaisha, halifiki lita 4. Kisha geuza, tazama kitako kama kimebonyezwa kuingia ndani.