Shingo: Daraja la Uhai na Chimbuko la Sauti

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na shingo tangu mihadhara ya mwanzo ya fonetiki, ijapokuwa aghalabu hukutana nayo katika mchoro wenye mishale na majina ya kukariri. Akishatoka katika chumba cha mtihani, majina hayo huyeyuka. Katika mazungumzo ya kila siku nayo, maneno koo, koromeo na zoloto hutumiwa kana kwamba yanataja kitu kimoja. Makala haya yananuia kueleza muundo wa shingo ya binadamu na kuonyesha kwamba kiungo hiki chembamba ndipo mahali ambapo pumzi, chakula, damu na usemi hulazimika kupita bega kwa bega. Ajuaye mpaka wa kila jina huijua pia hatari iliyomo katika ujirani huo.

Nguzo na Misuli

Shingo huunganisha kichwa na kiwiliwili. Upande wake wa nyuma huitwa ukosi, na ndani yake mna pingili saba za uti wa mgongo. Twiga naye anazo saba vilevile. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Pingili ya kwanza hukibeba kichwa na humwezesha mtu kukiinamisha anapoitikia. Ya pili ina kijiti kilichosimama kama mhimili, na ile ya kwanza hukizunguka mtu anapotikisa kichwa kukataa. Kwa hivyo, "ndiyo" na "la" zina viungo tofauti hata kabla hazijatamkwa.

Katika kila upande wa shingo upo msuli mkubwa utokao nyuma ya sikio hadi kwenye kidari na mtulinga. Msuli wa kulia ukikaza, kichwa huinamia kulia huku uso ukigeukia kushoto. Huo ndio mkao ambao Kiswahili huuita shingo upande, kisha kikautumia kumweleza mtu atendaye jambo bila kuridhia.

Ndani ya pingili hizo hupita neva zinazotoka ubongoni kwenda mwilini. Zile zinazoongoza kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mapafu, huchipuka papo hapo shingoni. Ndiyo maana aliyevunjika shingo ajalini anaweza kukosa pumzi ingawa mapafu yake ni salama, na ndiyo maana majeruhi wa aina hiyo hapaswi kuinuliwa wala kugeuzwa ovyo.

Damu nayo hupanda ubongoni kwa mishipa minne: miwili mikubwa pembeni mwa koo, na miwili inayopenya katika matundu ya pingili. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Fauka ya hayo, mbele ya bomba la pumzi lipo tezi lenye umbo la kipepeo, ambalo likikosa iodini huweza kuvimba na kuwa rovu. Chumvi ya mezani hutiwa iodini kwa ajili hiyo.

Koo, Koromeo na Zoloto

Koo ni jina la jumla la njia zilizomo ndani ya shingo upande wa mbele. Istilahi za sehemu zake hutofautiana kitabu kwa kitabu, kwa hivyo yafaa kila mwandishi aeleze anachokusudia. Katika makala haya, koromeo ni ukumbi ulio nyuma ya pua na kinywa, ambamo hewa na chakula hupita pamoja. Chini yake njia hugawanyika: umio, ulio nyuma, hupeleka chakula tumboni, bomba la pumzi, lililo mbele, hupeleka hewa mapafuni. Zoloto ni kijumba cha magegedu kilicho juu ya bomba hilo. Gegedu lake kubwa ndilo lijitokezalo shingoni mwa wanaume na kuitwa kikoromeo.

Ndani ya zoloto mna nyuzi sauti mbili, na uwazi ulio baina yake huitwa glota. Msomaji akiweka kidole kwenye zoloto na kutamka [z] kwa kuivuta, atahisi mtetemo. Akitamka [s], mtetemo hukoma. Hiyo ndiyo tofauti ya sauti ghuna na sighuna. Mnamo mwaka wa 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Uhispania, alitumia vioo na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi sauti zake mwenyewe zikifanya kazi. Karne nyingi kabla yake, katika karne ya 2, tabibu Galen alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nguruwe akikatwa neva za zoloto hunyamaza ghafla ilhali angali anapapatika.

Koromeo nalo lina nafasi katika historia ya Kiswahili. Kiarabu kina kitamkwa kinachotolewa kwa kulibana koromeo, nacho ndicho huanza neno lililozaa "asali" na hukaa katikati ya lile lililozaa "saa". Waswahili waliyapokea maneno hayo wakakiacha kitamkwa hicho. Katika "saa" na "maana", mahali pake pamesalia irabu mbili zinazofuatana.

Kupaliwa na Kusakamwa

Mtu anapomeza, zoloto hupanda, kidakatonge huinama na kulifunika, nyuzi sauti hufungana na pumzi husimama kwa muda mfupi. Hapa kidakatonge ni kile kifuniko cha zoloto, wala si kilimi kining'iniacho nyuma ya kinywa, ingawa wapo wanaokiita kilimi kwa jina hilohilo. Anayezungumza huku akila huifungua njia ya hewa wakati ambapo ingepaswa kufungwa. Wazee wanaowakanya watoto wasiseme na tonge kinywani hawafundishi adabu pekee.

Kiswahili hutofautisha hali mbili. Aliyepaliwa hukohoa kwa sababu kitu kimeingia katika njia ya hewa, aachwe akohoe. Aliyesakamwa amekwamiwa na kitu kooni. Kikiziba njia ya hewa kabisa, hawezi kupumua, kukohoa wala kutamka neno. Kwa kuwa hewa ya kupumulia ndiyo hiyohiyo ya kusemea, ukimya wake ni ishara ya hatari kuu. Ainamishwe mbele na apigwe mara tano kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Asipopata nafuu, aliye karibu asimame nyuma yake, amkumbatie na kumbana tumbo juu ya kitovu mara tano kwa kuvuta ndani na juu, huku msaada wa daktari ukiitwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo. Baada ya kupigwa mgongoni, husukumwa katikati ya kifua.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mchoro wa alasauti si pambo la mtihani. Neno, pumzi na tonge hutumia mlango mmoja, na kila neno hutamkwa kwa pumzi iliyotangulia kumweka msemaji hai. Ikiwa mwanafunzi wa Kiswahili atalijua zoloto kama chimbuko la sauti tu, atakuwa amejifunza nusu. Nusu iliyobaki ni kutambua, mezani au ukumbini, kwamba mwenzake aliyenyamaza ghafla huku ameshika shingo hakukosa la kusema.