Mgongo wa Mpagazi, Mgongo wa Mwanajeshi (Sehemu ya Tatu)

Jumapili ya pili ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, imefika tena na magazeti yamejaa picha za mashada ya maua, mabalozi na wazee wenye nishani kifuani. Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza mgongo umeundwaje na kwa nini unauma. Swali lililobaki ni hili: makairopraktika, wale matabibu wa uti wa mgongo ambao Marekani wanawahudumia wanajeshi wastaafu, wanaweza kumfaa nini mstaafu wa KDF, jeshi la Kenya, aliyerudi kwao Msambweni, pwani ya kusini? Nitalijibu. Lakini anayezifuata makala zangu anajua kwamba siwezi kupita Gazi, kijiji kilicho njiani kwenda huko, bila kusimama.

Mwaka 1895 una maajabu yake. Mwezi wa Agosti, Admirali Rawson wa Uingereza alipanda kutoka pwani na kikosi chake hadi Mwele, akaiteka ngome ya Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Mwezi mmoja tu baadaye, Septemba 18, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alimsukuma uti wa mgongo mfagiaji mmoja mweusi, Harvey Lillard, kisha akatangaza kwamba amemzibua masikio. Kairopraktiki inahesabu umri wake tangu siku hiyo. Habari ya masikio tuiache ilivyo. Mimi kinachonigusa ni kwamba mgongo wa kwanza katika historia ya fani hiyo ulikuwa wa kibarua, tena mtu mweusi, na vitabu vikaliandika jina lake. Kwetu wenye migongo kama hiyo hawakuandikwa.

Mbaruk alivuka mpaka wa kusini mwaka 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani, na miaka 18 baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaja wenyewe. Septemba 1914 walikuwa wamefika Majoreni, ambako walikutana na kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wengi wao Wahadhrami, kilichoongozwa na Arthur Wavell. Huyu ndiye Mwingereza aliyewahi kuingia Makka akijifanya Mzanzibari. Alijeruhiwa Majoreni, akapona, akaja kuuawa Mwele Mdogo Januari 1916. Oktoba 1914 vita vilifika Gazi penyewe. Maafisa wa Kizungu wa Keya, yaani King's African Rifles, walijeruhiwa, na aliyeshika uongozi na kuwasukuma adui nyuma alikuwa sajini Mwafrika, Sumani. Ni watoto wangapi wa shule kati ya Ukunda na Lunga Lunga wanaolijua jina hilo? Wavell wanaweza kumsikia, maana ana kumbukumbu yake Mombasa.

Hata hivyo Sumani ana bahati, kwa sababu jina lake lipo. Nyuma ya kila bunduki walitembea watu kadhaa wasio na bunduki: wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Mzigo wa mmoja ulikuwa ratili 50 hadi 60, unga au risasi, na hapo hujahesabu blanketi na sufuria yake. Mtu aliweka kata kichwani, wenzake wawili wakamtwika, akakaza shingo, akatembea toka alfajiri. Shingo ikichoka anahamishia begani. Bega likichubuka anarudisha kichwani. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwakamata kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, akakusanya watu kwa maelfu. Wagiriama walikuwa wamekwisha kukataa mapema, na Mekatilili, aliyewaongoza, na watu wake wakaadhibiwa vikali. Wapagazi wa Kenya waliokufa wanakadiriwa kuzidi 40,000, wengi kwa kuhara na njaa, wachache kwa risasi. Mishahara ya wengi wa waliokufa haikuwafikia wajane wao.

Sanamu za ukumbusho zipo Mombasa na Nairobi, nzuri kwa kupigia picha, ila hazina jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nimeshasema, na nitasema tena mpaka nichokwe: Gazi pawekwe jiwe. Lisiwe la mabalozi. Liwe la watu waliobeba. Taifa linalowatwika watu mzigo kisha likasahau kuwauliza shingo zao ziko vipi lina deni, na deni halifutwi kwa ua jekundu la karatasi linalovaliwa siku ya ukumbusho.

Sasa tuje kwa walio hai. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011, na Septemba 2012 wanamaji wakashuka Kismayu. Kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko hapo Likoni, na wastaafu wake wengine wamejenga huku kusini. Fulana ya kuzuia risasi, begi, bunduki, kukaa saa nyingi ndani ya gari linaloruka kwenye mashimo: vyote hivyo hutua kiunoni na shingoni.

Kairopraktika hupitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, humwambia mgonjwa ainame na kujipinda, kisha humlaza na kusukuma kiungo mara moja, kwa haraka na kwa umbali mdogo. Mlio unaosikika ni hewa ndani ya majimaji ya kiungo, kama soda inapofunguliwa. Si mfupa unaorudi mahali pake. Marekani ilipitisha sheria ya huduma hii kwa maveterani, na kliniki zao zikaanza mwaka 2004. Utafiti uliotolewa 2018 kwa wanajeshi 750 wenye maumivu ya kiuno uliona kwamba waliosukumwa mgongo pamoja na tiba ya kawaida walipata nafuu zaidi baada ya wiki sita kuliko waliopata tiba ya kawaida peke yake. Ni nafuu ya kadiri, si muujiza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliitaja tiba hii kwa maumivu sugu ya kiuno, sambamba na mazoezi na kukandwa, na likashauri dhidi ya mishipi ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni.

Familia nayo? Mpango wa jeshi la Marekani humhudumia askari aliye kazini. Mke na watoto wamewekwa kando. Huku kwetu, mke anayemwinua mume aliyepooza miguu mara kadhaa kwa siku atakuwa mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo. Huyo afundishwe: akunje magoti, amkaribishe mgonjwa kifuani, amgeuze kwa kuvuta shuka badala ya kumnyanyua kwapani. Somo hilo ni la nusu saa, na kairopraktika anaweza kulitoa, kama awezavyo mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini mume anayeamka usiku akipiga kelele hatibiwi kwa kulazwa kitandani na kusukumwa mgongo. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na chama cha wastaafu wa jeshi, DEFOCA, kisione haya kulisema hilo waziwazi.

Aliyelipukiwa au kuanguka apigwe eksirei kwanza. Ganzi ikitambaa kwenye mapaja ya ndani, au mkojo ukikataa kuzuilika, ni hospitali ya rufaa ya Msambweni siku hiyo hiyo. Kupindua shingo kwa nguvu kumewahi, ingawa kwa nadra, kupasua mshipa wa damu na kuleta kiharusi. Afrika ina vyuo vya fani hii Durban na Johannesburg, kwa hiyo mtu akikufungulia kliniki Diani, muulize amesomea wapi na leseni yake iko wapi. Akikuambia kwamba anatibu pia kisukari na presha, vaa viatu urudi nyumbani.