Mezani katika nyumba za maji moto za Japani: Mgeni aseme kabla chungu hakijainjikwa

Baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa hapa Kifanya alinisubiri nje ya msikiti, simu mkononi. Mwanawe anasoma Japani, na alikuwa amemwandikia kwamba wenyeji wake wamemwalika yeye na wenzake kulala usiku mmoja katika nyumba ya kifahari ya maji moto na kula huko chakula cha jioni. Kijana alikuwa na hofu mbili. Akienda, huenda akala haramu pasipo kujua. Akikataa, atawavunjia heshima watu waliomtendea wema.

“Ustadh,” mama akaniuliza, “mwanangu aende au asiende?”

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku chache, nikasoma na kuuliza. Niliyoyapata nayaweka hapa, ndugu msomaji, kwa kuwa swali la mama huyu linawahusu wengi wenye watoto ugenini. Nasi tuliobaki nyumbani linatuhusu pia, kama tutakavyoona.

Maji moto yenyewe si mageni kwetu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo katika bonde la Songwe, upande wa Mbeya. Kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya, wageni wamezoea kuchemsha mayai katika maji yanayotokota yenyewe kutoka ardhini. Japani, nchi ya milima ya volkano, imejaliwa chemchemi hizo kwa wingi mno. Wenyewe huziita onseni, na kando yake wamejenga nyumba za wageni ziitwazo riyokani. Mojawapo, Nishiyama Onsen Keiunkan, inahesabika kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Ilianza mwaka 705, mwaka uleule aliofariki Khalifa Abdul-Malik bin Marwan.

Katika nyumba hizi chakula si jambo la pembeni. Bei ya usiku mmoja kwa kawaida hujumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi, na katika nyumba za kifahari hufikia makumi ya maelfu ya yeni kwa mtu mmoja. Mgeni huoga, huvaa joho la pamba, kisha huketi mbele ya meza fupi juu ya mkeka mnene uitwao tatami. Aliyelelewa kula jamvini hatajiona mgeni sana hapo.

Mlo wa jioni huitwa kaiseki. Hauji kwa sinia moja lililojaa, bali kwa vyombo vidogo vinavyofuatana: kionjo, supu nyepesi, samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, samaki wa kuchoma, mboga zilizotokoswa, kitu cha kukaanga. Wali, supu ya miso na achari huja karibu na mwisho, kisha matunda. Mtu wa kwetu angeweza kudhani ugali umesahaulika jikoni. Mpishi hufuata msimu, akapika kilichovunwa karibu na samaki aliyenona wakati huo, na hata vyombo hubadilishwa kulingana na majira. Upishi wa jadi wa Wajapani uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia mwaka 2013.

Nilivutiwa na jambo moja. Anasa ya meza hii haipimwi kwa wingi wa chakula. Kila chombo kina tonge mbili au tatu, na hukusudiwa kiishe. Sisi tuliofundishwa kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi, kisha tukatupa wali wa walima kwa ndoo, tuna la kujifunza hapo.

Lakini hofu ya kijana ina msingi. Chakula kingi huko ni samaki, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, viumbe vya baharini havina tatizo. Haramu imejificha katika viungo. Mirini, kiungo kinachong'arisha samaki wa kuchoma na kutia utamu katika mboga, ni kileo cha mchele. Sake, pombe ya mchele, humiminwa katika mapishi mengi na pengine hutangulizwa katika kikombe kidogo mwanzoni mwa mlo. Baadhi ya aina za miso na mchuzi wa soya huongezewa kileo ili zisiharibike. Kitindamlo kinachotikisika huweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Nyama ya ng'ombe inayowekwa juu ya jiko dogo mbele ya mgeni, hata ikiwa nzuri namna gani, kwa kawaida haikuchinjwa kwa sharia.

Je, dawa ni kukataa mwaliko? Hapana. Dawa ni kusema mapema. Mpishi wa riyokani hupanga mlo na kununua samaki kwa idadi ya wageni siku kadhaa kabla. Mgeni akieleza mahitaji yake wakati wa kuweka nafasi, mpishi ana muda wa kubadilisha. Akinyamaza hadi vyombo viko mezani, kisha akavirudisha kimoja kimoja, mpishi aliyetaabika tangu asubuhi atafedheheka, na mgeni atalala njaa.

Wala haitoshi kuandika “mimi ni Muislamu”. Mpishi wa kijijini huenda asijue maana yake jikoni. Ujumbe uwe wazi: sili nguruwe, wala mafuta yake, wala jelatini yake, sili nyama ya mnyama mwingine isipokuwa ya halali, sitaki sake wala mirini katika kupika, nakula samaki, mayai, mboga, tofu na wali. Aulize pia saa ya chakula, kwa sababu huwa imepangwa, mara nyingi kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Wakati wa kiangazi Maghribi huweza kuingia katikati ya mlo, ingawa msafiri anayo ruhusa ya kuchanganya Maghribi na Isha. Kuhusu kuoga, mabwawa ya pamoja watu huyaingia bila nguo. Nyumba nyingi zina bwawa la faragha la kukodi, aombe hilo.

Ajue pia kwamba hayuko peke yake. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935. Beppu, mji wenye chemchemi zaidi ya 2,000, una msikiti na chuo kikuu chenye wanafunzi kutoka mataifa mengi. Huko Beppu kuna upishi ambao jina lake humaanisha mvuke wa jahanamu. Jina lisimtishe mtu: ni mayai, viazi, mboga na samaki vilivyoivishwa kwa mvuke wa chemchemi, bila mafuta na bila mirini. Kwa Muislamu, huenda usipatikane mlo mwepesi kuukubali kuliko huo.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kifanya Waislamu ni wachache, na majirani zetu hutualika katika harusi na misiba. Baadhi yao hunywa ulanzi na kula nguruwe. Ni desturi yao. Hata hivyo wengi wao, wakitaka kuchinja, humwita Muislamu ashike kisu ili kila aliyefika aweze kula. Hakuna sheria inayowalazimisha. Sisi tunawalipaje? Mara nyingi tunakaa kimya hadi sahani zinapogawiwa, kisha tunanong'onezana, tunazisukuma kando na kuondoka. Mama aliyekesha jikoni hubaki akijiuliza amekosa nini. Tungemwendea siku moja kabla, tukamweleza kwa upole na hata kujitolea sufuria na mpishi, asingepata fedheha hiyo.

Ndivyo nilivyomjibu mama yule: mwanao aende, lakini aandike leo. Tulikaa barazani tukautunga ujumbe pamoja kwa Kiswahili, naye kijana akaufasiri huko aliko na kuwapa wenyeji wake waupeleke.

Juzi mama alinionyesha majibu. Nyumba ile imeshukuru kwa kuambiwa mapema. Imeomba kujua jambo moja tu: kama samaki achomwe kwa chumvi peke yake, je, mgeni ataridhika?