Kupiga Mto Hakushushi Hasira

"Chenji utapata mbele," konda anamwambia abiria aliyetoa noti ya elfu kumi. Vituo vitatu vinapita. Abiria anauliza tena, anajibiwa kwa dharau, na mwili wake unashika kazi kabla akili haijajipanga: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, ngumi inajikunja yenyewe. Mwili hauna habari kwamba ugomvi ni wa chenji tu.

Ushauri wa mtaani kwa mtu kama huyu unajulikana: usikae na kitu moyoni, kitoe. Piga kelele, piga mto. Una wapenzi wengi, ushahidi hauna.

Mwaka 2002, mwanasaikolojia wa Marekani Brad Bushman alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Walichokozwa makusudi kwa kurudishiwa insha zao zikiwa zimepondwa vibaya. Baadhi wakapewa gunia la ngumi walitwange huku wakimfikiria aliyewaponda. Wengine wakalitwanga wakiwaza afya zao. Kundi la tatu likakaa tu kimya. Waliotwanga wakimuwaza mbaya wao ndio waliobaki na hasira kali zaidi. Waliokaa kimya ndio walioonyesha ukali mdogo kuliko wote.

Mwaka 2024, Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Kinachoshusha hasira, walikuta, ni kile kinachoushusha mwili: kupumua taratibu, kulegeza misuli, yoga. Hata kukimbia, pamoja na faida zake zote kwa moyo, kulielekea kuiongeza. Wazee wa pwani huenda wasishangae. Mafundisho ya Kiislamu yamemtaka siku zote aliyekasirika akiwa amesimama akae, na asipotulia ajilaze.

Kutulia, hata hivyo, si kusamehe deni. Abiria avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kuliko alivyoivuta, arudie mara kadhaa, kisha adai haki yake kwa sentensi moja: "Kaka, naomba chenji yangu, nashuka kituo kinachofuata." Matusi yangempa konda kisingizio cha kugombana badala ya kulipa.

Kwa anayefikia kupiga watu au kuvunja vyombo nyumbani, pumzi peke yake haitoshi. Huyo amwone mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa zina wataalamu hao.