Amepata Chuo: Safari ya Mkopo na Malazi Ndiyo Kwanza Inaanza



Kila mwaka jumuiya zetu ndogo ndogo hufurahi pamoja na familia ambazo watoto wao wamechaguliwa kujiunga na vyuo vikuu. Hata hivyo, wapo vijana tuliowaaga kwa shangwe, nao wakarudi nyumbani kabla ya muhula wa kwanza kwisha, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kukosa ada na mahali pa kulala. Hivyo tunaona vema kueleza yanayofuata baada ya kijana kuthibitisha chuo.

Mkopo

Udahili na mkopo ni mambo mawili. Mkopo huombwa kwa njia ya mtandao katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na dirisha la maombi lina siku ya kufungwa. Bodi hupima uhitaji kwa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Wengi huja ofisi za parokia wakiomba cheti cha ubatizo kwa ajili hiyo. Cheti hicho ni cha thamani kubwa, lakini hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Tusajili vizazi na vifo mapema.

Majina ya waliopangiwa mikopo hutangazwa kwa awamu, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Aliyepata naye asome kwa makini: huenda amepewa sehemu tu ya ada, na familia itatakiwa kujazia. Tukumbuke pia kwamba mkopo ni deni la haki. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Malazi

Hosteli za vyuo hazitoshi. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopata mwaka 2017 hosteli mpya za wanafunzi 3,840, bado kina wengi wanaopanga mitaani. Mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, ilhali fedha za chakula na malazi, ambazo vijana huziita "bumu", zaweza kuchelewa. Basi familia iweke akiba ya wiki za mwanzo, wala isimlipe dalali kabla ya kuona chumba.

Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Binti asiye na pa kulala huwa mateka wa yeyote anayemkaribisha, na si kila anayekaribisha ana nia njema.

Wajibu wetu

Yesu alifundisha kwamba ajengaye mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Tuhesabu pamoja na wazazi. Jumuiya inayochanga kwa ajili ya sherehe ya kumwaga kijana na itenge sehemu ya mchango huo kwa kodi ya chumba. Paroko amwandikie barua ya utambulisho kwa parokia ya huko aendako, naye kijana ajiunge mapema na wanafunzi wakatoliki wa TMCS, ambao aghalabu wanajua mitaa salama na nyumba zenye wenyeji waaminifu.

Maria, Kikao cha Hekima, awaombee wanafunzi wetu.