Butura ni mkopo, ipimwe kwa sheria ya mikopo

Ifikapo Januari, kahawa ya Kamachumu na Izigo wilayani Muleba ingali mbichi mitini, na mnunuzi anapita vibanjani na fedha taslimu. Mwenye kibanja ana mtoto wa kupeleka shule au mgonjwa wa kuuguza. Wanapatana gunia moja la maganda, pesa zinahesabiwa, jina linaandikwa kwenye daftari la mnunuzi. Mkulima habaki na karatasi yoyote. Msimu ukifunguliwa, gunia lile si lake tena. Watu wa Kagera wanaiita butura. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea, na bado ipo.

Tupige hesabu. Tuseme mama amepokea shilingi 150,000 mwezi Januari kwa gunia la kilo 100, na Julai chama cha msingi kinalipa shilingi 2,500 kwa kilo. Gunia hilo sasa ni shilingi 250,000. Kwa miezi sita amelipa 100,000 juu ya 150,000, yaani zaidi ya asilimia 11 kila mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, deni lake lote lingekuwa shilingi 181,500. Shilingi 68,500 zimekwenda bure, na kwa kaya ya kijijini hizo ni sare za shule na madaftari ya mwaka mzima.

Mtetezi wa mnunuzi atasema hapa hakuna mkopo, kuna mauzo ya mazao yajayo. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu aliyenunua kweli. Lakini aliyenunua kweli hubeba hasara yake: jua likichoma kahawa, imekula kwake. Kwenye butura, kahawa ikipungua mkulima huambiwa afidie msimu ujao. Anayedai kulipwa hata mavuno yakikosekana ni mdai, na anayedaiwa ni mkopaji wake. Ndiyo maana naamini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inapaswa kutamka wazi kwamba malipo ya mazao ya mbele yenye sharti la kufidia ni mkopo. Hapo mtoaji angehitaji leseni, mkataba wa maandishi na riba iliyotajwa, na mkulima angekuwa na pa kulalamika.

Katika namna ya kutaja riba, tuna cha kuiga Ufaransa. Nao wana kikomo chao cha riba, nacho hakikai palepale. Benki Kuu ya nchi hiyo hukokotoa wastani wa riba zinazotozwa sokoni kwa kila aina ya mkopo, na anayetoza zaidi ya wastani huo kwa theluthi moja anavunja sheria. Ada za kushughulikia mkopo na bima ya lazima huingizwa kwenye kiwango kimoja cha mwaka. Aliyekopa kwa matumizi ya nyumbani ana siku 14 za kubadili nia. Kwetu, mkopeshaji anaweza kutaja riba ndogo kisha akaongeza ada ya fomu, ada ya usumbufu na faini ya kuchelewa. Hicho kipimo kimoja kinachobeba gharama zote ndicho ningependa tukiige.

Kwa nini basi mkulima asikope kwa mwenye leseni? Bukoba ilikuwa na benki ya wakulima, Kagera Farmers' Cooperative Bank. Januari 2018 Benki Kuu iliifungia pamoja na nyingine nne kwa upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikalipa wateja hadi kikomo cha wakati huo, shilingi milioni 1.5 kwa mtu. Stakabadhi za ghala, ambazo sheria yake ni ya 2005, zinamruhusu mkulima kuweka kahawa rehani benki, ila hiyo kahawa lazima iwe imeshavunwa na kufika ghalani. Januari ghala halina kitu.

Unabaki mlango wa vikoba, daraja la nne katika sheria ile ya 2018, vinavyosajiliwa kwenye halmashauri. Riba na muda wa mzunguko wanapanga wanachama wenyewe kwenye katiba yao. Vikundi vingi huvunja Desemba na kugawana, kwa hiyo mfuko huwa mtupu wiki zilezile ambazo mwenye daftari anaanza kupita. Kikundi kikianza mzunguko wake Agosti, hela ya kahawa ikiwa mkononi, na kuvunja Julai, Januari kitakuwa na cha kukopesha. Hakihitaji kibali cha waziri. Kinahitaji mkutano wa wanachama, kifungu kimoja cha katiba kibadilishwe, na nakala ipelekwe kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.