Kukandwa Misuli Hutuliza, Lakini Hakutibu Mapafu

Mtu anayeishi na ugonjwa sugu wa mapafu mara nyingi huumwa pia na shingo, mabega na mgongo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hutafuta mtu wa kuwakanda. Ni vyema wakazi wa Ziwani na mitaa jirani wafahamu kukandwa kunasaidia wapi na kunakomea wapi, kwani mgonjwa anayeacha dawa kwa kutegemea kukandwa huhatarisha maisha yake.

Kwa nini misuli huuma

Katika ugonjwa huu, ambao hospitalini huitwa COPD, njia za hewa huwa nyembamba na hewa hunaswa ndani ya mapafu. Mapafu hufura na kukisukuma chini kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mbavu. Kiwambo kikichoka, misuli ya shingo, mabega na mbavu hulazimika kusaidia mchana na usiku, hatimaye hukaza na kuuma.

Ugonjwa huletwa hasa na sigara, moshi wa makaa, kuni au mafuta ya taa katika nyumba isiyopitisha hewa, na vumbi au moshi wa kazini, kama ule wa karakana za jua kali. Aliyewahi kuugua kifua kikuu pia anaweza kubaki na mapafu yaliyoharibika. Shirika la Afya Duniani linasema COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Kukandwa kunafanya nini

Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukanda na kunyoosha misuli iliyokaza. Mgonjwa huweza kupata nafuu ya maumivu na kulegea mwili kwa muda. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa ni chache na ndogo, na hazijathibitisha kwamba kukandwa hurekebisha mapafu.

Mazoezi yana ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 2015, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichambua tafiti 65 zenye wagonjwa 3,822. Matokeo yalionyesha kwamba mpango wa mazoezi unaosimamiwa na wataalamu hupunguza kuhema na uchovu, na humwezesha mgonjwa kutembea umbali mrefu zaidi.

Nani awe mwangalifu

Asikandwe kabla ya kuonana na daktari mtu:
• anayekohoa damu;
• mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda;
• anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda;
• mwenye mifupa dhaifu, au aliyetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, kwani mbavu zinaweza kuvunjika zikibanwa kwa nguvu.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma.

Hatua za kuchukua

• Endelea kutumia inhela kama ulivyoelekezwa, hata ukijisikia nafuu.
• Ukihema, keti, inama mbele kidogo na uegemeze mikono mezani au magotini. Vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kwa mdomo, kama anayepuliza chai moto.
• Washa jiko la makaa nje, na uache sigara.
• Uliza mtaalamu kama amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Anza katika zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, ambako utapimwa na kupewa rufaa ikihitajika. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukusaidia kujisajili.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikigeuka rangi ya buluu au kijivu, au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Hapo si wakati wa kukandwa.